Uzio wa Sauti Mtoni: Namna Samaki Wanaosafiri Wanavyoweza Kuepushwa na Hatari

Mvuvi yeyote wa mwambao wa Ziwa Victoria anaifahamu katuli. Nyavu hutegwa majini, kisha maji hupigwa kwa miti au makasia mpaka samaki, kwa kuukimbia mshindo, wajitie wenyewe mtegoni. Kanuni za uvuvi zimeipiga marufuku njia hiyo, na marufuku hiyo ina msingi, kwa kuwa katuli husomba wakubwa kwa wadogo na kuvuruga mazalia. Hata hivyo, ndani ya katuli mna elimu ya kweli: samaki husikia, sauti humwondoa pale alipo, na anayejua mahali pa kuiweka sauti hiyo anaweza kumchagulia samaki njia ya kupita. Katika nchi kadhaa wataalamu wa mito wameichukua elimu hiyohiyo wakaigeuza shabaha. Badala ya kumfukuzia samaki wavuni, humfukuza asiingie palipo na mauti yake.

Makala hii inaieleza mbinu hiyo: inavyofanya kazi, ilipofanikiwa, iliposhindwa, na inavyoweza kuwahusu wakazi wa kata zetu zenye mito inayoshuka ziwani. Ieleweke tangu mwanzo kwamba Halmashauri haitangazi mradi wa kufunga vipaza sauti katika mto wowote. Mbinu inaelezwa kwa sababu kilimo cha umwagiliaji kinapanuka, mabanio na pampu vinaongezeka pamoja nacho, na kila msimu wa mvua samaki wanaosafiri kwa ajili ya kuzaa hukutana na mdomo wa mfereji ambao wazazi wao hawakuukuta. Mkulima anahitaji maji, mvuvi anahitaji samaki, na mara nyingi wote wawili hula sahani moja.

Msafiri na vizuizi vyake

Mfano ulio karibu nasi ni ningu. Samaki huyu huishi ziwani sehemu kubwa ya maisha yake, lakini hazalii humo. Mvua za masika na za vuli zinapoijaza mito, huliacha ziwa na kupanda kinyume cha mkondo, akitafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko ili atage mayai. Vifaranga hukua katika maji hayo tulivu, kisha hushuka na mto kurudi ziwani. Kuyu naye ni msafiri wa mito hiyohiyo, na kambale hutoka ziwani na mitoni kwenda kuzaa katika mbuga zilizojaa maji.

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ningu alikuwa miongoni mwa samaki wenye thamani kubwa katika mito ya bonde hili, ikiwamo Kagera na ile Nzoia ya Kenya. Nyavu za makila zilizoingia ziwani mwanzoni mwa karne hiyo zilitandazwa mbele ya midomo ya mito, zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Samaki anayepita kwa wingi katika mlango mmoja, katika majira yanayojulikana, ni mwepesi kumalizika, maana mvuvi hana haja ya kumtafuta, humngoja tu. Leo ningu yumo katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka.

Nyavu si hatari pekee. Samaki mdogo anaposhuka hufuata maji, na maji yanapogawanyika, sehemu ikabaki mtoni na sehemu ikaingia banioni, samaki nao hugawanyika vivyo hivyo. Kifaranga aliyeingia katika skimu hupita mfereji mkuu, akaingia mifereji midogo, akaishia katika jaruba la mpunga. Banio likifungwa, hukaukia humo. Watoto huokota samaki hao kwa shangwe, na hakuna sababu ya kuwakemea watoto. Lakini kila ndoo inayojazwa mferejini ni ya samaki ambao wangerudi ziwani, wakakua na kupanda tena mto kuzaa. Kwenye pampu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa pangaboi halimwachi mzima. Katika mitambo ya kufua umeme, hata samaki aliyekwepa mapanga ya mtambo anaweza kudhurika kwa mabadiliko ya ghafla ya mgandamizo wa maji, ambayo hupasua kibofu chake cha hewa.

Kinga ya siku zote ni chekeche: wavu wa chuma au safu ya nondo mbele ya mdomo wa mfereji. Chekeche ni kitu kizuri, na tutalirudia mbele. Udhaifu wake unajulikana na kila fundi wa skimu. Huziba kwa majani, matete na takataka, na huziba zaidi wakati wa mafuriko, ambao ndio wakati samaki wanapokuwa safarini. Tena kadiri matundu yanavyofanywa madogo ili kumzuia kifaranga, ndivyo maji yanavyopita kwa shida. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kufikiria uzio usiozuia hata tone la maji.

Sikio lililofichika

Samaki hana sikio la nje, na kwa muda mrefu wasomi wengi waliamini kwamba ni kiziwi. Mwaka 1923 mwanasayansi Karl von Frisch, ambaye miaka hamsini baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, alichapisha habari za samaki mmoja wa ukoo wa kambale, asiyeona, aliyekuwa akitoka mafichoni kila alipopigiwa mluzi. Mvuvi anayekataza miguu kukanyaga kwa kishindo ndani ya mtumbwi asingehitaji kuambiwa, lakini sayansi huenda kwa ushahidi.

Sauti ni mtetemo, na maji huupeleka mtetemo vizuri kuliko hewa. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Majini husafiri takriban mita 1,500. Ila mpaka kati ya hewa na maji ni kama ukuta: karibu nguvu yote ya sauti inayotoka hewani hurudishwa juu inapougusa uso wa maji. Ndiyo maana kelele za watu wanaozungumza ukingoni hazimsumbui sana samaki, ilhali kishindo cha mguu kwenye ukingo, au kasia linalogonga ubao wa mtumbwi, humfikia mara moja. Vivyo hivyo, redio iliyowashwa kwa sauti ya juu kandokando ya banio haitamfukuza samaki yeyote, itawasumbua majirani.

Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vizito kuliko nyama inayovizunguka. Mtetemo unapopita, mwili wa samaki hutikisika pamoja na maji, lakini vijiwe hivyo huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko anakokuhisi kama sauti. Pia ana mstari wa vihisio ubavuni, unaomjulisha msukosuko wa maji ulio karibu naye. Samaki wengi wameishia hapo, na husikia sauti nzito tu. Wengine wamejaliwa zaidi. Mwaka 1820 mtaalamu Mjerumani Ernst Heinrich Weber alieleza mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani la baadhi ya samaki. Kibofu hicho hutetemeka kama ngozi ya ngoma, na vifupa hivyo hupeleka mtetemo wake sikioni. Wenye vifupa vya Weber husikia sauti nyembamba zaidi, na zilizo hafifu zaidi, kuliko wasiokuwa navyo.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Ningu, kuyu, kambale, mbofu na gogogo wote wamo katika kundi lenye vifupa hivyo. Sato na sangara hawamo. Dagaa wa Ziwa Victoria wamo, kwa kuwa ni wa ukoo wa karibu na ningu, ilhali dagaa wa Ziwa Tanganyika, ingawa tunawaita kwa jina hilohilo na kuwaanika juani kwa namna ileile, ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa samaki kama simu wa baharini. Jina la sokoni halitoshi kumwambia fundi ni sauti gani itakayomgeuza samaki.

Mto Sacramento

Jaribio linalofaa kuelezwa kwa kirefu lilifanyika katika Jimbo la California, nchini Marekani, kwa sababu tatizo lake linafanana na la banio, ingawa ukubwa wake ni mwingine. Mto Sacramento hushusha samoni wachanga kuelekea bahari ya Pasifiki. Karibu na mji mdogo wa Walnut Grove, mto huo hutoa tawi liitwalo Georgiana Slough. Samoni anayebaki katika mto mkuu ana nafasi nzuri zaidi ya kuifikia bahari. Anayeingia katika tawi hupelekwa kwenye mtandao wa njia za maji katikati ya delta, penye samaki walao wenzao, na upande wa kusini wa delta hiyo pana pampu kubwa zinazopeleka maji mashambani na mijini. Wengi wa wanaoingia humo hawatoki salama. Kulifunga tawi kwa lango kungezuia maji na vyombo vinavyopita. Kuliwekea chekeche lenye upana wote huo kungekuwa kazi isiyokwisha.

Mwaka 2011 uzio wa aina nyingine uliwekwa mahali pa njia panda hapo. Bomba lenye matundu lililazwa chini ya maji, likatoa mapovu yaliyopanda kama pazia. Vipaza sauti vya chini ya maji vilipiga sauti nzito ndani ya pazia hilo, na taa zenye kumweka kwa haraka zikayamulika mapovu ili samaki aone ukuta mbele yake. Mapovu yana kazi mbili. Yanaonekana, na pia yanaishikilia sauti isitawanyike mto mzima, kwa kuwa sauti haipiti katika maji yenye hewa kama ipitavyo katika maji matupu. Hivyo samaki aliye mita chache kutoka kwenye pazia hasumbuliwi sana, lakini akilisogelea hukuta kelele imeongezeka ghafla. Tofauti hiyo kali ndiyo inayomgeuza. Kelele iliyoenea kila mahali isingemwonyesha pa kukimbilia.

Ili kupima matokeo, samoni wachanga walipandikizwa vyombo vidogo vinavyotoa mlio mwembamba mno, ambao wao wenyewe hawausikii, na vipokezi vya majini vikafuata njia ya kila mmoja. Uzio uliwashwa na kuzimwa kwa zamu. Ulipozimwa, asilimia 22.3 ya samaki waliingia katika tawi la hatari. Ulipowashwa, walioingia walikuwa asilimia 7.7. Kwa maneno mengine, kati ya samaki 100 waliofika njia panda, waliopotea njia walipungua kutoka 22 hivi hadi 8 hivi, na mto haukufungwa.

Takwimu hizo zinapendeza, lakini thamani kubwa ya jaribio lile imo katika mambo mengine mawili yaliyogunduliwa. La kwanza ni kwamba uzio ulidhoofika kadiri mto ulivyojaa. Samaki mchanga alisikia, aliona, pengine alitaka kugeuka, lakini mkondo ulimzidi nguvu ukampitisha katikati ya mapovu. La pili ni mahali samaki alipokuwa mtoni. Katika kila njia panda ya maji kuna mstari usioonekana: maji yaliyo upande huu wake yataingia tawini, yaliyo upande ule yataendelea na mto. Samaki waliokuwa karibu na mstari huo walisaidiwa zaidi ya wote, kwa kuwa hatua ndogo ya kando ilitosha kuwavusha hadi upande wa usalama. Waliokuwa mbali nao, ndani kabisa ya maji yaendayo tawini, hawakunufaika kiasi hicho. Anayetaka kumwelekeza samaki, basi, lazima kwanza ayajue maji.

Kila samaki na sauti yake

Norway walikuwa wametangulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, samoni wachanga waliokuwa wakishuka katika mto mdogo waligeuka na kurudi juu walipokutana na mtetemo mzito wa mara 10 kwa sekunde, ambao sikio la binadamu haliusikii kwa sababu ya uzito wake. Sauti ya mitetemo 150 kwa sekunde, ingawa ilipigwa kwa nguvu kubwa na samoni anaweza kuisikia, haikuwashtua. Kusikia ni jambo moja na kuogopa ni jambo jingine.

Upande wa pili kabisa wapo samaki wa jamii ya shadi huko Marekani, ambao huogelea kutoka baharini na kupanda mito kwenda kuzaa. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba shadi husikia sauti nyembamba kupita kiasi, hadi mitetemo 180,000 kwa sekunde, ilhali binadamu mwenye masikio mazuri huishia kwenye 20,000 hivi. Inadhaniwa kwamba masikio hayo humsaidia kumtambua pomboo, ambaye huwinda kwa kupiga milio ya aina hiyo. Sauti kama hizo zimetumika kuwaondoa jamaa zake kwenye midomo ya maji ya mitambo ya umeme, na samaki wengine waliopo hapo hata hawajui kwamba kuna kelele.

Ubelgiji inatuonyesha tofauti hizo mahali pamoja. Kwenye kituo cha umeme cha Doel, kando ya mto Scheldt, vipaza sauti 20 viliwekwa kwenye mdomo unaovuta maji ya kupoza mitambo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba heringi waliovutwa ndani walipungua kwa karibu asilimia 95, na sprati, ambao ni wadogo wao, kwa karibu asilimia 88. Kwa samaki wote kwa jumla upungufu ulikuwa asilimia 60. Samaki bapa wa chini ya maji, wasio na kibofu cha hewa, waliendelea kuingia karibu kama kawaida. Fundi aliyepima heringi peke yake angetangaza ushindi mkubwa. Aliyepima samaki bapa angesema fedha zimetupwa mtoni. Wote wawili wangekuwa na hesabu sahihi.

Kuna pia suala la mazoea. Kapi wa asili ya China, ambao ni ndugu wa mbali wa ningu wetu na wana vifupa vilevile, waliingizwa Marekani katika miaka ya 1970 na kutoroka mabwawani hadi mitoni, ambako sasa ni kero. Mngurumo wa injini ya boti huwafanya waruke nje ya maji. Watafiti walipowapigia mlio mmoja usiobadilika, walishtuka mwanzoni kisha wakauzoea upesi. Walipowapigia sauti iliyorekodiwa ya injini, yenye milio mingi iliyochanganyika, waliendelea kuikimbia kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2019 uzio wa mapovu, sauti na taa ulianza kujaribiwa kwenye bwawa la Barkley, Kentucky, safari hii kwa lengo la kinyume: kuwanyima kapi njia ya kupanda mto. Kwetu sisi habari hii ina faida moja kubwa. Inaonyesha kwamba samaki wa ukoo wa ningu husikia vizuri na hugeuka, mradi sauti isiwe ya namna moja kila siku.

Yanayohitajika kabla ya kipaza sauti

Mtu akiisoma habari ya Sacramento haraka anaweza kudhani kwamba dawa imepatikana. Uzio wa sauti unahitaji umeme usiokatika, kwa kuwa unapozimika hakuna kinachobaki mtoni. Unahitaji vifaa vinavyostahimili matope na magogo ya mafuriko, na fundi wa kuvisafisha. Unahitaji utafiti wa samaki wa mto huohuo, maana hatuwezi kumkopesha ningu masikio ya samoni. Zaidi ya hayo yote, unahitaji njia salama ya kumwelekeza samaki. Kumfukuza kutoka mdomo wa mfereji ili aende kunaswa katika wavu uliozibwa mto mzima hatua chache mbele hakumsaidii. Kufanya hivyo ni katuli ya gharama kubwa.

Kwa hiyo, kwa mabanio ya kata zetu, mengi yakiwa na upana wa hatua chache, chekeche lililojengwa vizuri bado ni kinga nafuu na ya uhakika kuliko sauti. Kujengwa vizuri kuna maana mahususi. Chekeche lisikabili mkondo uso kwa uso, bali liwe la mshazari, ili mto wenyewe usaidie kusukuma takataka na samaki pembeni kuelekea maji yanayoendelea. Liwe na eneo kubwa, ili maji yapite polepole katika kila tundu na kifaranga aweze kuogelea kuondoka badala ya kubanwa hapo. Likisimama ndani ya mfereji, pawe na mchirizi mdogo wa kuwarudisha samaki mtoni. Na pawe na zamu ya kulisafisha, hasa baada ya mvua kubwa. Jambo hili halihitaji mtaalamu kutoka mbali bali kamati ya skimu yenye daftari la zamu na wajumbe wanaolifuata.

Kufunga banio nako kuna namna yake. Likifungwa ghafla mwisho wa msimu, samaki wote walio mferejini hunaswa. Likipunguzwa kidogokidogo kwa siku kadhaa, baadhi yao hupata nafasi ya kurudi, na wanaosalia katika madimbwi ya mwisho wanaweza kubebwa kwa ndoo na kuachiwa mtoni wakiwa hai. Hao wadogo hawatoshi hata mboga ya kaya moja, na watoto waliokuwa wakiwaokota wanaweza kupewa kazi hiyo ya kuwabeba. Wataifanya kwa bidii zaidi ya watu wazima.

Sauti inaweza kuja kupata nafasi yake mahali ambapo chekeche halitoshi: kwenye vituo vikubwa vya pampu, kwenye mito mipana, na kwenye mitambo ya umeme. Kwa upande wa mashariki mwa nchi, suala hili linamgusa mkunga wa mtoni, ambaye huzaliwa Bahari ya Hindi, hukulia katika mito kama Pangani na Rufiji, na akishakomaa hushuka tena baharini kuzaa. Mwili wake mrefu humweka katika hatari kubwa zaidi anapopita kwenye mapanga ya mitambo. Huko Norway mikunga wanaoshuka mto walijaribiwa kwa mtetemo mzito wa mara 12 hivi kwa sekunde, na wengi wakahamia upande wa mto ulio mbali nao. Mikunga hawana vifupa vya Weber, lakini mtetemo mzito namna hiyo hawauhitaji mnyororo ule ili wauhisi. Miradi mikubwa ya aina hii hupitia tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Mkazi anayejua ni mwezi gani samaki hupanda, hupita upande gani wa mto na hulala wapi maji yanapopungua, anacho cha kusema katika kikao hicho, na inafaa aseme kwa miezi na majina ya mahali ili maneno yake yaandikwe.

Wakazi wanaotarajia kuchimba mfereji mpya au kufunga pampu wakumbuke kwamba kuchepusha maji ya mto kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakati wa kuandaa maombi ndio wakati mwafaka wa kumwonyesha afisa kilimo na afisa uvuvi mchoro wa banio na kuuliza chekeche likae wapi, kwa kuwa kulihamisha baada ya zege kukauka ni gharama ya pili. Taarifa za katuli au za nyavu zinazoziba mdomo wa mto zipelekwe kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, cha mwalo ulio karibu, au kwa mtendaji wa kijiji, zikitaja mahali, siku na saa.